Dakika za Uwanjani Hutafutwa Siku za Mazoezi

Kila tumalizapo mchezo wa mpira wa kikapu na shule jirani, iwe tumeshinda au tumeshindwa, usiku ule mabwenini husikika maneno yale yale. "Fulani alicheza kwa kuwa ni rafiki wa Nahodha." "Fulani huwekwa kwa sababu ya urefu tu." "Mimi nimekaa benchi tangu Kidato cha Kwanza, na sasa basi, siendi tena." Katika muhula huu unaokwisha wenzetu watatu wameacha timu kwa maneno ya namna hiyo. Nawafahamu wote watatu, na mmoja wao ni hodari kuliko mimi niandikaye. Kwa hiyo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo hili, maana mimi nami nilikuwa karibu kuwa wa nne.

Maoni yangu ni haya, nayasema mwanzoni ili msomaji asipotee njiani. Dakika za kucheza hazipatikani siku ya mchezo. Siku ile Mwalimu huzigawa tu. Zilikwisha kutafutwa siku nyingi kabla, saa kumi na nusu jioni, wakati hakuna mtazamaji. Tena, si kila jasho ni mazoezi. Mtu aweza kutoka jasho mwaka mzima asipate hata dakika moja, kwa sababu mazoezi yake hayana shabaha. Mwishoni nitasema neno kwa walimu wetu pia, kwa heshima zote, maana mzigo huu si wa wanafunzi peke yao.

Kwanza tufanye hesabu, kwa kuwa wengi wetu hulalamikia kitu ambacho hatujakipima. Kwa sheria za kimataifa mchezo wa kikapu una robo 4, na kila robo ni dakika 10, jumla dakika 40. Kila timu ina watu 5 uwanjani. Basi 40 mara 5 ni dakika 200, na hizo ndizo dakika zote alizo nazo Mwalimu. Timu yaweza kuandikisha wachezaji 12. Kama zingegawiwa sawasawa, kila mmoja angepata dakika 16 na sekunde 40. Walakini katika mashindano hakuna timu igawayo hivyo. Wale 5 wa kwanza wakicheza dakika 30 kila mmoja, zimekwisha 150. Zimebaki 50 kwa watu 7, yaani dakika 7 na kidogo kwa kila mtu.

Kwa hiyo mchezaji wa akiba hagombei mchezo mzima. Anagombea dakika 7. Je, ni kidogo? Kumbukeni ya kuwa timu ikishika mpira hupewa sekunde 24 tu kabla ya kurusha. Katika dakika 7, kwa kawaida, mpira utapanda na kushuka mara 17 au zaidi. Ni nafasi nyingi za kuzuia, kuokota mpira uliogonga chuma, kutoa pasi njema, au kuharibu. Mtu ajuaye kuzitumia dakika 7 ataongezwa. Asiyejua, hata akipewa 20 zitamwaibisha.

Sasa nieleze habari zangu mwenyewe, ingawa si za kujivunia. Katika Kidato cha Kwanza na cha Pili sikukosa mazoezi hata jioni moja. Kengele ikilia mimi ndiye wa kwanza kushika mpira. Nao nikishaushika, kazi yangu ilikuwa moja: kusimama mbali kabisa, nyuma ya ule mstari wa pointi tatu, na kurusha. Wakati wa likizo nilikuwa nimemwona Stephen Curry katika simu ya kaka yangu, nikadhani mchezo wote ni huo. Mpira mmoja ukiingia, wenzangu walishangilia. Mitupo tisa ikikosa, hakuna aliyehesabu, wala mimi sikuhesabu. Nikarudi bwenini nimeloa jasho, nikajiambia ya kuwa nimefanya mazoezi.

Kisha ukaja mchezo mmoja mkubwa hapa kwetu. Baba alipata habari, akashuka kutoka mlimani kwa daladala, akiwa amevaa koti lake la kwenda kanisani, aje kunitazama. Nilikaa benchi tangu filimbi ya kwanza hata ya mwisho. Fulana yangu ya mchezo haikuonekana, maana sikuvua sweta. Nilichofanya siku ile ni kuwapelekea wenzangu chupa za maji kila walipopumzika. Baba alipokuwa akiaga pale getini aliniambia, "Mwanangu, nimekuona. Umewahudumia wenzako vizuri." Hakusema kwa dhihaka, alikuwa akinisifu kweli. Laiti angenidhihaki, ningeumia kidogo. Usiku ule niliamua kuacha timu.

Likizo ilipofika nikaenda kwa Babu. Wasomaji wanaotoka mbali nawaeleza ya kuwa huku mlimani, tangu zamani za mababu, watu walichimba mifereji iitwayo mifongo, kuyatoa maji katika mabonde ya juu na kuyashusha hata kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Maji hugawiwa kwa zamu. Mfongo ukizibwa na matope na majani, baragumu au sauti hupigwa, watu wakatoka kwa msaragambo kwenda kuuzibua. Ni mila ya siku nyingi ya kuwa asiyetoka kazini hutozwa faini, au zamu yake ya maji hupita.

Asubuhi moja nilikuwa na Babu pale maji yanapogawanywa. Akaja jirani mmoja na jembe lake, akadai zamu. Wazee wakamwambia ya kuwa hakuonekana siku ya kuzibua. Akajibu kwa hasira, "Sikulala! Siku ile nililima kihamba changu tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Tazameni mikono yangu!" Na kweli mikono yake ilikuwa na malengelenge. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Ndugu yetu, hatukusema wewe u mvivu. Umelima kwako, lakini mfongo ulikuwa umeziba kule juu."

Tulipokuwa tukirudi nikamweleza Babu habari za benchi, na jinsi Mwalimu anavyonionea. Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniuliza, "Mjukuu wangu, katika timu yenu, mfongo umeziba wapi?" Sikuwa na jibu. Akasema tena, "Basi umekuwa ukilima kihamba chako."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofahamu. Mimi nilikuwa na malengelenge ya kweli, lakini timu yetu ilikuwa nao tayari watu wawili wa kurusha kutoka mbali, tena hodari kunipita. Haikuhitaji wa tatu.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea Mwalimu wa Michezo. Nilikuwa na hofu. Sikumwuliza, "Kwa nini hunichezeshi?" kwa maana swali hilo ni la ugomvi, na hujibiwa kwa ugomvi. Niliuliza, "Shikamoo Mwalimu. Naomba uniambie, nifanye jambo gani ili niifae timu?" Akanitazama kidogo, kisha akanitajia mambo matatu. La kwanza, sina mtu wa kumfuata yule mchezaji wao anayeleta mpira, amchoshe. La pili, wewe hudunda mpira kwa mkono wa kulia tu, na kila mtu anajua. La tatu, ukipewa mitupo huru hukosa, nayo ndiyo pointi za bure. Mazungumzo yote hayakuchukua dakika tano. Nilikuwa nimekaa miaka miwili bila kuuliza.

Hapo ndipo mazoezi yenye shabaha yanapoanzia. Mazoezi ya namna hii si maneno ya kupamba. Mwaka 1993 mtaalamu wa saikolojia aitwaye Anders Ericsson na wenzake wawili walitoa uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla katika mji wa Berlin. Waliona ya kuwa wale walio bora walikuwa wamefanya mazoezi mengi zaidi wakiwa peke yao, mazoezi yaliyopangwa hasa kurekebisha upungufu. Kupiga fidla kwa kujifurahisha ni jambo jema, walakini halikuhesabiwa kuwa ni mazoezi ya namna hiyo. Wataalamu wengine wamebishana baadaye juu ya ukubwa wa matokeo hayo, kwani vipaji na mambo mengine pia yana sehemu yake. Hata hivyo sijasikia aliyesema ya kuwa kurusharusha mpira ovyo kwafaa kuliko kujirekebisha.

Kwa lugha yetu ya uwanjani mimi nayaeleza hivi. Mazoezi yenye shabaha yana mambo manne. Kwanza, uchague jambo moja, lenye kupimika. Pili, liwe gumu kidogo kupita uwezo wako wa leo, wala si gumu la kukuvunja moyo. Tatu, ujue papo hapo kama umepata au umekosa, na kwa nini. Nne, uandike. Wapandao Kibo kwa njia ya Marangu hawatoki getini wakaruka mpaka Uhuru, mita 5,895. Hulala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo, na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Atakaye kukimbia siku ya kwanza hurudishwa na maumivu ya kichwa. Mchezaji naye awe na vituo vyake.

Nilinunua daftari la kurasa 48. Kituo changu cha kwanza kilikuwa mitupo huru. Mstari wake u mita 4.60 kutoka kwenye ubao, na chuma kipo juu mita 3.05, wala hapana mtu wa kukuzuia. Ni wewe na pumzi zako. Siku ya kwanza niliingiza 19 kati ya 50. Kuiandika namba hiyo kuliniaibisha, nayo aibu hiyo ilinifaa kuliko makofi ya wenzangu. Nikaomba rafiki mmoja anitazame, akaona ya kuwa kiwiko changu huenda nje. Wiki mbili nilishughulika na kiwiko tu. Mwezi wa pili nikabadili: nilikimbia uwanja mzima, mita 28 kwenda na 28 kurudi, ndipo nikarusha miwili, kwa maana katika mchezo hakuna anayerusha akiwa amepumzika. Namba zikashuka tena, nikahuzunika, halafu zikapanda. Kufika mwisho wa muhula zilikuwa 33 kati ya 50. Si nyingi, lakini ni zangu, na nazijua.

Jambo jingine nililojifunza ni kutosimama mahali pamoja siku zote. Mwaka 1978 wachunguzi wawili wa Kanada, Kerr na Booth, waliwafundisha watoto wa miaka 8 kurusha vifuko vya maharage kwenye shabaha. Kundi moja lilijizoeza kwa umbali wa futi 3 tu. Kundi la pili lilijizoeza kwa futi 2 na futi 4, wala halikujizoeza kwa futi 3. Walipojaribiwa kwa futi 3, kundi la pili ndilo lililofanya vizuri zaidi! Basi nanyi mkijizoeza kurusha, msigande pahali pamoja kama nguzo. Sogeeni hatua mbele, hatua nyuma, kulia na kushoto.

Najua kuna msomaji asemaye, "Wewe waweza kusema hivyo, lakini sisi tupo 25 na mipira ni 4." Ni kweli, na kwetu ndivyo ilivyo. Walakini katika yale mambo matatu aliyonitajia Mwalimu, lile kubwa halikuhitaji mpira hata kidogo. Kumfuata mchezaji ni kazi ya miguu: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, miguu ikiteleza upande bila kupishana, macho yakitazama kiuno cha mwenzako na si mpira, maana mpira hudanganya lakini kiuno hakidanganyi. Nilijizoeza nyuma ya bwalo la chakula, pale penye sakafu ya saruji, dakika 10 asubuhi kabla ya usafi. Tena mkono wa kushoto niliufundisha kwa mpira wa zamani uliokwisha upele, usiotakiwa na mtu. Siku za masika, uwanja ukiwa matope matupu, nilidunda chini ya baraza. Asiye na mpira anayo miguu.

Wako pia wasemao, "Kila kitu ni urefu." Hebu tumtazame Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa kijana mkubwa tayari, wa miaka kama 15. Urefu wake ni mita 2.21 hivi. Alikwenda Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa mlinzi bora wa ligi yao mwaka 2008 na tena 2009. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Ametufungulia mlango sote, na heshima yake haitafutika.

Walakini tazameni dakika. Mchezo wa NBA ni dakika 48, naye katika mwaka wake wa kwanza alipata wastani wa dakika 13 hivi. Mwezi Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ili apate nafasi ya kucheza. Alipitia timu nne, na kufika mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha. Sisemi ya kuwa hakujituma. Sikuwapo, wala si haki yangu kumhukumu. Nasema hivi: hata mita 2.21 na nafasi ya pili hazikumpa mtu dakika za bure. Mwaka ule ule, yule Curry niliyekuwa nikimwiga alichaguliwa wa saba, naye ni mfupi kwa kiasi cha sentimita 33. Urefu humfikisha mtu mlangoni, lakini kila siku ataulizwa upya ana kazi gani mle ndani.

Mtu akijua kazi yake hutafutiwa nafasi. Dennis Rodman wa Marekani hakuwa mfungaji, tena wengi aliopambana nao chini ya kikapu walikuwa warefu kumpita. Kazi yake ilikuwa kuokota mipira iliyokosa, na mazoezini aliwatazama wenzake wakirusha ili ajue mpira wa kila mmoja huzungukaje na kuangukia wapi. Aliongoza NBA kwa kazi hiyo misimu 7 mfululizo, kuanzia ule uliokwisha mwaka 1992 hadi ule wa 1998. Alikuwa ameona mfongo umeziba wapi.

Hofu nyingine ni ya wazazi na masomo. Mzazi husema, "Sikukupeleka shule ukacheze." Nami nasema, mazoezi yenye shabaha ndiyo rafiki wa masomo. Zamani nilipoteza saa mbili kila jioni nikirusharusha na kupiga soga. Sasa dakika 40 zanitosha, nikaoga, nikaingia darasani kabla ya kengele. Tena lile daftari limenifundisha jambo kwa upande wa hisabati: nilikuwa nikirudia maswali niyajuayo, nikifurahia alama za vyema, na kuyakimbia nisiyoyajua. Hapo nako nilikuwa nikilima kihamba changu.

Sasa neno kwa walimu wetu. Nimesema ya kuwa dakika hutafutwa mazoezini. Lakini maneno haya ni kweli tu pale mazoezi yanapohesabiwa. Mwanafunzi akijituma muhula mzima, kisha timu ikachaguliwa kwa mazoea ya mwaka jana, basi tumemdanganya, na yeye akiacha hatuna haki ya kumlaumu. Si vizuri kukana ya kuwa upendeleo huwapo mahali pengine. Dawa yake si ngumu. Kila mchezaji aambiwe mwanzoni mwa muhula mambo mawili au matatu anayotakiwa kurekebisha, na katikati ya muhula apimwe mbele ya wenzake. Mimi niliyapata kwa kuuliza. Aliye na haya hataliza swali hilo kamwe, naye huenda ndiye mwenye kipaji.

Tena nawaomba wawatofautishe wadogo na wakubwa. Wakati wa kutafuta timu ya kwenda UMISSETA, achaguliwe anayeweza. Lakini katika michezo ya mabweni na ile ya kirafiki ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, wavulana kwa wasichana, kila mtoto acheze. Mchezo huu ulipobuniwa na James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani, mwezi Desemba 1891, darasa lake lilikuwa na vijana 18. Aliwagawa 9 kwa 9, wote wakaingia. Siku ile ya kwanza hapakuwa na benchi. Mtoto asiyeonja mchezo hawezi kujua ana upungufu gani, wala Mwalimu hawezi kumjua.

Nimalize kwa kueleza yaliyonipata. Katika mchezo wa mwisho wa muhula huu, robo ya tatu, mwenzetu anayemlinda yule mleta mpira wao alipata faulo ya nne. Akipata ya tano anatoka kabisa. Mwalimu akageuka kutazama benchi, akaniita. Magoti yalitetemeka, siwezi kuficha. Nilimfuata yule kijana kama kivuli. Mara moja alinipita na kufunga, mara mbili alikawia hata sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja zikamwishia. Nilipewa mitupo huru miwili, nikaingiza mmoja. Nilidhani nitatolewa baada ya dakika mbili, lakini Mwalimu aliniacha. Nilicheza dakika 9. Tulishindwa kwa pointi 4, na mimi nilifunga ile moja tu.

Jioni ile niliomba ruhusa kumpigia Baba simu kwa Matroni. Nikamwambia, "Shikamoo Baba. Leo nimecheza dakika 9." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Marahaba. Na maji aliwapelekea nani?"

Nilicheka, lakini tangu siku ile swali lake halijaniacha. Maana aliyepeleka maji alikuwa mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili, amevaa sweta, amekaa pale pale nilipokuwa nikikaa. Baada ya mchezo nilimwendea, nikampa kurasa tupu zilizosalia katika daftari langu.

Kwa wenzangu watatu mlioacha timu: nawajua, na mnanijua. Sisemi mlikuwa wavivu, mikono yenu ina malengelenge. Nasema mje Jumatatu ya kwanza ya muhula, tumwulize Mwalimu mfongo umeziba wapi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na dakika 50 za akiba bado zipo.

Mchezaji wa Akiba,
Kidato cha Tatu.